Wale watu wa ajabu wa utotoni mwetu wameenda wapi?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu habari zenu. Kuna swali limenikaa kichwani wiki nzima. Hivi wale watu wa ajabu tuliokua nao, majirani na ndugu, wameenda wapi? Utotoni kwangu ukitoka mlangoni unakutana nao kabla hujafika kona. Sasa hivi nakaa ghorofa lenye wapangaji kibao na simjui hata mmoja mwenye kituko chake, wote wanafunga mlango wanaondoka, wanarudi wanafunga mlango.

Nianze na wa kwangu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mzee tukimwita Mzee Madaftari. Anakaa nje kwenye kistuli cha miguu mitatu, penseli kaifunga uzi kaivaa shingoni kama medali, daftari gotini, na kila anayepita anaandikwa. Yani kila anayepita, mtu, baiskeli, mbwa. Hakuulizi kitu, anakuangalia kwa juu ya miwani, anaandika, anarudi kutazama njia. Sisi tulikuwa tunapita mbio tukiamini ukiwa na spidi hutaandikwa. Siku moja, nilikuwa na miaka mitano hivi, mpira wetu ukaingia dirishani kwake nikasukumiwa mimi niufuate maana ndio nilikuwa mdogo kuliko wote. Ndani wakuu ni madaftari, kutoka sakafuni mpaka darini, kuta zote nne, na ile harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka. Akachomoa moja, akafungua, akanisomea jina langu. Nilitoka bila mpira.

Wa pili shangazi yangu, alikuwa hakai kwenye kiti bila kukiomba radhi. "Samahani nakukalia." Akiinuka, "Ahsante." Wageni walidhani anaongea na wao, wanaitikia.

Hoja yangu ni kwamba watu hawa wamekwisha, simu zimewamaliza. Anayebisha aje.

#2 Tumbili Mstaarabu
Kwa hiyo mpira mpaka leo uko kule?

#3 Chura Mkavu
Nabisha. Hawajaisha, wewe ndio umeacha kuwa nje. Mtoto anashinda mtaani kutwa hana pa kwenda, anakaa ukutani anatazama watu masaa sita, lazima atajua nani anaongea peke yake na nani anafagia saa nane usiku. Wewe sasa hivi ghorofani kwako unatoka alfajiri unarudi giza, utamjua nani? Hapo ulipo kuna mtoto anawajua wote na kila mmoja kampa jina. Na la kwako lipo.

#4 Ngurumo ya Mbali
Umenikumbusha babu mzaa mama. Kazi yake kubwa baada ya kustaafu ilikuwa kunyoosha misumari. Anaokota misumari iliyopinda popote, anakuja nayo mfukoni, anakaa na kipande cha reli na kinyundo kidogo hivi, anaugeuza msumari kwa kidole, tik tik tik, anauinua kwenye mwanga anafumba jicho moja, haujanyooka, tik tik. Ukinyooka anauweka kwenye kopo kwa saizi yake. Sasa ajabu iko wapi, hakuna msumari hata mmoja uliowahi kupigwa popote. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kamba. Bibi akiomba msumari mmoja anaambiwa "hiyo ni mizima hiyo, katafute mbovu".

#5 Tumbili Mstaarabu
"Hiyo ni mizima hiyo" 😂😂 babu alikuwa na hospitali ya misumari, wagonjwa wakipona hawaruhusiwi kurudi kazini

#6 Daktari wa Miti
Wakuu mnacheka ila vitu hivi siku hizi vina majina. Kulimbikiza vitu usivyovitumia na usivyoweza kuviachia ni ugonjwa kamili, wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliutenga kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, kabla ya hapo walikuwa wanauchanganya na mengine. Kuna kisa maarufu cha ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa ndani mwaka 1947, nyumba imejaa takataka zaidi ya tani mia, piano 14 humo humo. Homer aliangukiwa na mtego aliouweka mwenyewe wa kuzuia wezi. Kwa hiyo jibu la mleta uzi ni kwamba hawajaenda popote, wamehamia kwenye mafaili ya hospitali. Wale tuliowaita wa ajabu ni wagonjwa ambao hawakupata jina.

#7 Nyuki Hana Haraka
Mkuu rekebisha hapo, aliyeangukiwa ni Langley. Homer alikuwa kipofu na kapooza, hawezi kutoka pale alipo, mdogo wake ndio alikuwa anamlisha. Langley akapita kwenye njia zake za kutambaa katikati ya magazeti, mtego wake mwenyewe ukamfunika akiwa anampelekea kaka yake chakula, Homer akafa na njaa. Polisi walimkuta Homer kwanza, Langley wakamsaka mpaka nje ya jiji, kumbe yuko mle mle, kama mita tatu tu kutoka kwa kaka yake.

#8 Daktari wa Miti
Nimesahihishwa, shukrani. Hoja inabaki.

#9 Ngurumo ya Mbali
Haibaki. Babu yangu makopo tisa, yamepangwa kwenye rafu, yamefutwa vumbi. Mlimbikizaji gani huyo? Mtu hawezi tu kupenda msumari ulionyooka mpaka mumpe ugonjwa? Na nikwambie, makopo nimerithi mimi na mpaka leo sijanunua msumari.

#10 Mama Wawili
Mimi niko katikati. Mama yangu mdogo alikuwa anavaa koti zito ndani ya nyumba jua likiwa utosini, na soksi, na kitambaa shingoni, na sisi tunamwita Bibi Barafu. Tulikuwa tunagombania nani akamguse mkono tusikie ubaridi. Miaka mingi baadaye nikiwa mtu mzima ndio akapimwa, ikaonekana tezi ya shingoni haifanyi kazi inavyotakiwa, na ikiwa hivyo mtu anasikia baridi muda wote, anachoka, anaongezeka mwili. Kidonge kimoja kwa siku. Mwezi wa pili alikuja kututembelea na gauni la mikono mifupi nikalia. Sio kwa furaha tu. Nililia kwa kuwa tulimcheka miaka yote ile na yeye alikuwa anacheka na sisi ili asituharibie mchezo.
Ila shangazi wa viti mwacheni, yule alikuwa na adabu tu.

#11 Bwana Tochi
Nimebadilisha jina humu leo kwa heshima ya uzi huu, sikilizeni. Mimi kazi yangu ni ya zamu, nafika nyumbani saa nane usiku. Nina maua na mboga kidogo nyuma ya nyumba, konokono wananimalizia, na konokono anatoka usiku. Kwa hiyo nikifika navaa tochi ya kichwani, nachukua ndoo, nainama nawaokota mmoja mmoja, wakati mwingine nawaongelesha maana saa nane usiku utaongea na nani. Juzi napita mchana nasikia watoto wa jirani wananong'ona "ndio Bwana Tochi huyo, anazika vitu". Mmoja akamjibu mwenzie, "anazika na anaviambia vilale".
Nimewaza nikaeleze nikaona aah. Waache wawe na wa kwao.

#12 Chura Mkavu
Ushahidi si ndio huo mleta uzi? Umejileta wenyewe.

#13 Kalamu Kavu
Bwana Tochi umeniua 😂 nakubali robo. Ila Mzee Madaftari hakuwa anaokota konokono, yule hakuwa na sababu yoyote ile. Kwani mlimbikizaji anaandika?

#14 Daktari wa Miti
Kuandika bila kujizuia nako kuna jina, haipagrafia. Waxman na Geschwind, madaktari wa ubongo, walieleza mwaka 1974 wagonjwa wa kifafa, hasa kile kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, waliokuwa wanaandika kurasa na kurasa kwa undani wa kutisha. Mzee wako nampa hiyo.

#15 Nyuki Hana Haraka
Daktari wa Miti wewe kila mtu unampa dawa. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa Robert Shields, alikuwa mchungaji na mwalimu, kuanzia 1972 mpaka 1997 aliandika maisha yake yote kila dakika tano. Kila dakika tano! Joto la nyumba, barua zilizokuja, kwenda chooni, yote. Alikuwa analala masaa mawili mawili ili aamke aandike ndoto. Maneno kama milioni 37 na nusu, maboksi tisini na kitu, akayapa chuo kikuu. Alichomwachisha ni kiharusi. Yeye alisema kuacha kuandika ingekuwa kama kuyazima maisha yake. Sasa huyo ni mgonjwa au ni mtu mwenye kazi yake?

#16 Mzizi wa Mwisho
Mmewahi kufanya kazi ya ulinzi nyie? Mimi nimefanya miaka kumi na moja. Getini kuna daftari la matukio, kila kinachopita kinaandikwa na saa yake, gari, mtu, mbwa kama mleta uzi alivyosema, kama hakuna kilichopita unaandika hakuna kilichopita. Nilipoacha kazi miezi ya kwanza mkono ulikuwa unawasha. Naona mtu anapita nje natafuta kalamu. Mke wangu alinificha kalamu zote. Mzee yule alikuwa mlinzi tu mstaafu, msimtafutie vifafa.

#17 Tumbili Mstaarabu
Au jasusi

#18 Kilemba cha Ukoka
Au alikuwa anasahau. Bibi yangu alipoanza kusahau alikuwa anaandika kila kitu kwenye vikaratasi, nani kaja, kala saa ngapi, "mlango nimefunga", "mlango nimefunga kweli". Tulidhani vichekesho. Hicho cha mwisho ninacho kwenye pochi.

#19 Bi Nukta
Nimejisajili dakika hii kwa ajili ya uzi huu tu. Mdogo wangu Kalamu Kavu, nimekujua kwa shangazi wa viti, hakuna mwingine duniani. Sasa sikiliza. Wewe HUKUINGIA kwa Mzee Madaftari. Aliyeufuata mpira ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa, wewe ulikuwa na mitatu, umebebwa mgongoni na dada wa kazi, unalia. Usiku nilikusimulia kitandani ukakataa kulala mpaka taa iwashwe. Na madaftari hayakufika darini, yalikuwa kwenye meza moja na chini ya kitanda. Darini niliongeza mimi ili uogope.

#20 Tumbili Mstaarabu
Eeeeh 😂😂😂 niwekeeni kigoda hapa sitoki

#21 Kalamu Kavu
Dada shikamoo. Sasa tusigombane mbele za watu lakini harufu ya zile karatasi naikumbuka, ikinijia sasa hivi naijua. Uliniambia na harufu?

#22 Bi Nukta
Marahaba. Ndio, nilikuambia inanuka kama magodoro ya mvua. Wewe ulikuwa mkojozi, harufu hiyo ulikuwa nayo.

#23 Chura Mkavu
Uzi ufungwe hapa, mtu amemalizwa.

#24 Msomaji Tu
Huwa sichangii ila hapa nimeshindwa. Mleta uzi hayuko peke yake. Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake yote kuchunguza akili za watoto, alikuwa na kumbukumbu ya kutaka kuibwa akiwa mdogo wa miaka kama miwili. Yuko kwenye kigari cha mtoto, barabara ya Champs-Élysées, mtu anakuja kumchukua, yaya wake anapigana naye mpaka anakwaruzwa usoni, polisi anatokea. Alikuwa anaiona picha yote, na mikwaruzo anaiona. Alipofika miaka kama 15 yule yaya akawaandikia wazazi wake barua, kaokoka, anataka kutubu. Hakukuwa na mwizi. Alitunga yote, na mikwaruzo alijifanyia mwenyewe, akawarudishia na saa waliyomzawadia. Maana yake mtoto alisikia hadithi ikisimuliwa nyumbani akajitengenezea picha, akaiweka kwenye fungu la alivyoviona.
Na kwa watu wengi kumbukumbu ya kwanza kabisa inaanzia kwenye miaka mitatu na nusu hivi, vya kabla ya hapo vingi ni vya kusimuliwa au vya kwenye picha.

#25 Nyuki Hana Haraka
Naongezea na Elizabeth Loftus, mwaka 1995 yeye na mwenzake waliwapa watu 24 visa vya utotoni mwao vilivyotoka kwa ndugu zao, katikati wakachomeka kimoja cha uongo kwamba ulipotea dukani ukiwa mdogo. Kama robo yao wakasema wanakikumbuka, wengine na maelezo juu.

#26 Ngurumo ya Mbali
Kwa hiyo jibu jipya ni kwamba watu wa ajabu hawajaenda popote kwa kuwa hawakuwepo, ni dada zetu wametuongopea. Haya. Na makopo tisa yaliyopo hapa miguuni mwangu nayo nilisimuliwa?

#27 Mama Wawili
😂 Ngurumo leo hakubali. Lakini mimi naona hata kama Bi Nukta aliongeza chumvi, mzee alikuwepo na daftari lilikuwepo. Mtoto anachukua mtu wa kawaida kidogo anamkuza mpaka dari, sawa, ila lazima awepo wa kukuzwa.

#28 Kilemba cha Ukoka
Na wengine hawakuhitaji kukuzwa. Yule yaya wa Chicago, Vivian Maier, watoto aliowalea walikuwa wanamkumbuka kwa makoti makubwa, kamera shingoni, magazeti kajaza chumbani mpaka hapapitiki. Kituko tu. Baada ya kufa ndio ikajulikana kapiga picha zaidi ya laki moja na ni mmoja wa wapiga picha wakubwa. Kwa hiyo mimi madaftari ya yule mzee ningeyatafuta.

#29 Nyuki Hana Haraka
Nusu sahihi. Vitu vyake viliuzwa mnada 2007 akiwa hai, alishindwa kulipa kodi ya stoo alikoviweka. Alifariki 2009, wakati huo waliozinunua zile picha ndio kwanza wanajiuliza mwenyewe ni nani.

#30 Kilemba cha Ukoka
Ahsante mwalimu. Madaftari yaliishia wapi Bi Nukta?

#31 Bi Nukta
Mzee alipofariki walikuja watu, sijui ndugu sijui nani, wakatoa kila kitu nje, madaftari wakayachoma nyuma ya nyumba siku mbili mfululizo. Karatasi nyingi hazishiki moto ukizirundika, zinaungua pembeni tu katikati zinabaki nyeupe, kwa hiyo walikuwa wanazichokonoa na fimbo. Mimi nilichomoa moja likiwa limeungua kona. Ninalo. Sikumwambia mtu nyumbani.

#32 Kalamu Kavu
Dada unalo?? Miaka yote hii?? Limeandikwa nini

#33 Bi Nukta
Niko nalo hapa. Mwandiko mdogo, umenyooka, hakuna mstari kaupoteza. Anaweka saa, halafu kilichopita, halafu neno moja au mawili. "11:40 mwanamke, ndoo mbili, moja inavuja." "11:52 mbwa mweupe, anarudi." "12:05 mtoto wa nyumba ya tatu, anakimbia, kiatu kimoja." Huyo ni mimi. Kiatu kingine kilikuwa kimekatika kamba nimekibeba. "3:10 hakuna." "3:20 hakuna." Kuna kurasa nzima za hakuna.

#34 Mzizi wa Mwisho
"Hakuna". Nilisema mimi. Mlinzi huyo.

#35 Daktari wa Miti
Mlinzi haandiki ndoo inavuja.

#36 Mzizi wa Mwisho
Mlinzi mzuri anaandika.

#37 Bwana Tochi
Mimi nimekwama kwenye mbwa anarudi. Kwamba alimwona akienda, akamngoja.

#38 Kilemba cha Ukoka
Bi Nukta jina kaliandika? Umesema mtoto wa nyumba ya tatu tu. Mleta uzi kasema alisomewa jina.

#39 Bi Nukta
Hakuna jina hata moja daftari zima. Sidhani kama alitujua majina. Hilo la kusomewa jina sikumsimulia mimi, hapo sijui kalitoa wapi.

#40 Tumbili Mstaarabu
Sasa hapo nimesisimka kidogo jamani

#41 Kalamu Kavu
Dada naomba nitafutie ukurasa ambao nimo mimi. Nimebebwa, natembea, vyovyote. Alikuwa ananiangalia kila siku, hilo sijasimuliwa na mtu.

#42 Bi Nukta
Nimelipitia lote tangu saa moja jioni, sasa hivi saa tano. Mimi nimo mara thelathini na nne. Baba yumo, shangazi yumo mara mbili, mara moja "anaongea na jiwe". Dada wa kazi yumo kila siku asubuhi na ndoo. Wewe humo.

#43 Kalamu Kavu
Dada wa kazi ndio alikuwa ananibeba. Kaandika "na mtoto"?

#44 Bi Nukta
Kaandika "mwanamke, mzigo mgongoni".

#45 Tumbili Mstaarabu
😂😂😂😂😂 MZIGO

#46 Chura Mkavu
Mleta uzi pole sana. Ila umeandikwa, sema umeandikwa kama kifurushi.

#47 Ngurumo ya Mbali
Mara ngapi huo mzigo Bi Nukta?

#48 Bi Nukta
Sijahesabu. Nahesabu.